Mpwa wangu yuko shule ya DO Marekani na anataka upasuaji wa mifupa: aanzie wapi?

Mjomba_Buruburu

Habari za jioni wakuu. Binti ya dada yangu alizaliwa Pumwani, na sasa yuko mwaka wa 3 katika shule ya udaktari wa osteopathia (DO) huko Ohio. Ukaazi wa kudumu anao, kwa hiyo viza si tatizo. Amefaulu COMLEX Level 1 (mtihani wa leseni wa DO) lakini hakufanya USMLE Step 1 (mtihani wa MD, yaani madaktari wa shahada ya kawaida). Moyo wake uko kwenye mifupa. Hapa Nairobi watu wanatuuliza kama "osteopath" ni daktari kweli ama ni mtu wa kukanda viungo, na mama yake ameingiwa na wasiwasi.

Nauliza: arudi afanye Step 1? Aende rotesheni za nje ngapi, yaani miezi ya mafunzo katika hospitali nyingine? Na akija mwezi wa 8 afanye elektivi (mafunzo ya hiari) Hospitali ya Kenyatta, itamsaidia kwenye maombi ya rezidensi, yaani mafunzo ya ubingwa?

Kifundo

Shikamoo mjomba. Kwanza mama yake atulie. Mkanganyiko huu unatokana na Uingereza, ambako osteopath hutibu kwa mikono na si daktari wa kuandika dawa wala kupasua. Marekani DO ni daktari kamili, leseni yake inamruhusu yote anayoruhusiwa MD. Tangu 2020 rezidensi zote ziko chini ya msimamizi mmoja, ACGME. Kabla ya hapo AOA, chama cha madaktari wa DO, ilikuwa na programu zake za mifupa zilizochukua DO peke yao. Nyingi za zile programu bado zipo, ila sasa MD nao wanaziomba, na nafasi za mifupa nchi nzima ni takriban 900 tu kwa mwaka.

Kuhusu Step 1: yenyewe na Level 1 zote ziligeuzwa mwaka 2022 zikawa za kufaulu au kuanguka, hazitoi alama tena. Alama inayotazamwa imehamia Step 2 CK, mtihani wa pili wa USMLE, na hiyo asiiache. Kanuni za USMLE hazimlazimishi kupitia Step 1 kwanza. Tatizo ni kwamba programu nyingine huitaka kwa kila mwombaji. Afungue kurasa za zile anazozitaka, moja baada ya nyingine, kabla ya kulipia mtihani. Kama ni 3 au 4 tu kati ya 60, mimi ningemshauri aachane nayo, muda wote auweke kwenye Step 2 CK.

Level 2 ya COMLEX haina hiari, bila hiyo hahitimu. Aanze na Step 2 CK, halafu Level 2 ifuate ndani ya siku 7 hadi 10. Siku hizo za katikati azitumie kwa OMM, tiba ya kutumia mikono, maana USMLE haiulizi habari hizo. Yote yaishe kufikia mwisho wa Juni. Matokeo huchukua wiki kadhaa, na programu huanza kufungua maombi mwishoni mwa Septemba. Wengi huharibu hapa: wanapanga mtihani katikati ya rotesheni za Julai na Agosti. Saa kumi na moja alfajiri mtu yuko wodini, usiku akifungua kitabu macho yanajifunga.

Zamu_ya_Usiku

Mtihani unafungua mlango tu. Kwa DO, mchezo wote uko kwenye rotesheni ya mwezi mmoja. Shule nyingi za DO hazina hospitali yao ya kufundishia, kwa hiyo mwanafunzi hana idara ya mifupa ya nyumbani inayomjua. Barua za mapendekezo lazima azitafute nje.

Namna ya kuchagua: aingie tovuti ya kila programu, afungue orodha ya rezidenti wa miaka yote 5, ahesabu wangapi ni DO. Kama hakuna hata mmoja, asipoteze mwezi wake pale. Zilizokuwa za AOA zimejaa zaidi Michigan, Ohio na Pennsylvania, na yeye tayari yuko jirani. Programu nyingi hupokea maombi ya rotesheni kupitia VSLO, mfumo wa mtandaoni, kuanzia majira ya kuchipua. Nyingine hupitia kwa mratibu, kwa barua pepe, kwa hiyo asisubiri mfumo ufunguke ndipo aanze kuuliza.

Akifika, hakuna atakayempima kwa maneno. Watamtazama kazualti saa nane usiku, ameletewa mkono uliovunjika karibu na kifundo. Kabla ya kuvuta mfupa, apime neva: mgonjwa aunganishe ncha ya gumba na ya kidole cha shahada kufanya duara, ainue gumba, kisha atanue vidole. Aandike alichokiona. Mfupa ukisharudishwa arudie vilevile, aandike tena. Asipoandika kipimo cha kwanza, neva ikionekana imelala baadaye hakuna atakayejua kama ni ajali au ni mkono wake.

Halafu plasta. Slabu ya sugar-tong, yaani ukanda wa plasta, inaanzia mgongoni mwa kiganja, inazunguka kiwiko kilichokunjwa nyuzi 90, inarudi hadi kwenye mstari wa kiganja. Pamba tabaka 2 au 3, na aongeze kwenye ncha ya kiwiko. Plasta tabaka 8 hadi 10. Maji yawe ya uvuguvugu: plasta hutoa joto lake yenyewe inapokauka, ukiongeza maji ya moto na tabaka nyingi unamchoma mgonjwa. Aibonyeze kwa kiganja, si kwa vidole, maana shimo la kidole likikauka hugeuka kidonda ndani. Vifundo vya vidole vibaki huru, mgonjwa aweze kukunja ngumi. Na kwa jeraha bichi asifunge plasta mzunguko mzima. Mkono utavimba, plasta haitanuki, na shinikizo ndani ya misuli linaweza kugharimu mkono wenyewe.

Afanye mazoezi kwa mikono ya wenzake hadi slabu imtoke kwa dakika 5. Rezidenti anayeamka usiku akakuta slabu imekaa sawa, asubuhi atamtaja mbele ya konsaltanti bila kuombwa.

Kwa idadi, aende 4 hadi 5, Julai hadi Novemba.

Nyonga

Nakubaliana na Zamu isipokuwa kwenye idadi. Miezi 5 mfululizo ya kulala kwa saa nne tu kila usiku inamaliza mtu, na yule wa mwezi wa tano ndiye programu ya tano itakayemkumbuka. Ningesema 3 au 4, na ile anayoitaka kuliko zote aiweke ya pili, si ya kwanza. Barua azipate kabla ya mwisho wa Septemba. ERAS, mfumo wa kutuma maombi ya rezidensi, inaruhusu barua 4 kwa kila programu, na nyingi za mifupa hutaka ile fomu sanifu ya mapendekezo, kwa hiyo aombe akiwa bado pale, wiki ya mwisho.

Signali, yaani alama ya kuonyesha programu unazozitaka zaidi: mifupa imekuwa ikimpa mwombaji signali 30. Azitumie zote, hata kwa hospitali alizofanyia rotesheni. Asidhani kwamba kwa vile wanamjua hazihitajiki. Wasipoiona wanasoma kwamba yeye haitaki programu yao.

Elektivi ya Kenyatta mwezi wa 8, hapana. Huo ni mwezi wa dhahabu wa rotesheni kule. Aje Machi au Aprili, orodha yake ya Match (mfumo wa kugawa nafasi za rezidensi) ikiwa imeshafungwa. Atajifunza mengi: majeraha ya bodaboda, mifupa ya mguu iliyotoboa ngozi. Hospitali kadhaa nchini hutumia msumari wa SIGN, fimbo ya chuma ya ndani ya mfupa, unaoingizwa bila eksirei ya moja kwa moja thieta. Lakini ni ya kujifunza, haitamwingiza kwenye programu.

Na awe na mpango wa pili mapema. Wiki ya SOAP, nafasi zilizobaki zinapogombewa, nafasi za mifupa huwa karibu hakuna. Kama ataomba pia upasuaji wa jumla, aandike maelezo binafsi tofauti na barua tofauti.

Mjomba_Buruburu

Asanteni sana, nimemtumia yote. Anasema hospitali moja tayari imemwomba vipimo vya TB na chanjo.

Kifundo

Hapo awe macho. Kama alizaliwa Pumwani basi karibu hakika alichanjwa BCG, chanjo ya TB, na kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba ingawa hana TB. Itafuata eksirei ya kifua, maswali na wiki za kuchelewa. Aombe kipimo cha damu, IGRA, ambacho hakichanganywi na BCG. Na kingamwili za hepatitisi B apime sasa hivi, maana zikiwa chini atahitaji dozi nyingine, na hospitali haitamruhusu kuanza kabla faili halijakamilika.