Monopoly ya mashine: nani aliwaambia hela za karatasi zimetuchosha?

Wakuu, nimekereka, na leo sifichi.

Wiki iliyopita nimenunua Monopoly, ule mchezo wa ubao wa kununua mitaa na kutozana kodi kwa hela za kuchezea, kwa muuzaji wa mtandaoni hapa Dar, laki moja na sabini. Picha aliyoweka ilikuwa ya boksi lililofunguliwa, noti zimepangwa pembeni vile vile ninavyozijua tangu utoto. Kilicholetwa na bodaboda ni ubao, dadu, vipande vya kuchezea, kadi za plastiki na kimashine cha betri. Hela hakuna. Hata noti moja! Nikampigia. "Bosi, hiyo ndiyo mpya, imeboreshwa, hela zake ziko kwenye kadi." Nikamwambia nataka ya noti, kama kwenye picha. Akanijibu mzigo ukishafunguliwa haurudi. Sasa nisingeufungua ningejuaje ndani mna nini?

Ya muuzaji nimemwachia Mungu. Kinachonichoma ni huu mchezo wenyewe ulivyoharibiwa, na kuna watu wanasifia.

Jumapili jioni tukatandika mkeka sebuleni: mimi, mama watoto, kijana wa kidato cha kwanza na mdogo wake wa darasa la tano. Mchezo ukakolea, binti akaangukia mtaa wa kaka yake wenye hoteli. Waliocheza wanajua hapo huwa panakuwaje: mtu anashika kichwa, anahesabu noti moja moja, anaomba apunguziwe, anaweka mtaa rehani huku sauti inatetemeka. Safari hii kadi yake ikachomekwa upande wa kutoa, ya kaka yake upande wa kupokea, namba zikabonyezwa, tiii, kwisha. Hata hakuinua macho. Nikamuuliza, "Umebakiwa na shilingi ngapi?" Akaniambia, "Sijui baba, iulize mashine."

Iulize mashine! Mizunguko miwili baadaye kafilisika, na hajui alianza kufilisika saa ngapi.

Mimi nimekulia Tanga. Mzee wetu alikuwa karani wa stoo bandarini, na seti yetu ilikuwa ile yenye mitaa ya London. Hakuna mtoto pale nyumbani aliyejua London iko upande gani, lakini wote tulijua Old Kent Road inauzwa 60, Mayfair 400, na ukiikuta Mayfair ina hoteli unalipa 2,000, wakati mchezo wenyewe unauanza na 1,500. Mzee alitupanga kukaa benki, yaani kushika hela za mchezo, kwa zamu, na ukikaa benki hakuna wa kukusaidia hesabu. Dada yangu akiwa na miaka minane alishajua kwamba kukomboa mtaa wa rehani unarudisha ulichokopa na asilimia 10 juu yake, na alikuwa anaipiga kichwani kabla wewe hujamaliza kuuliza. Tulikuwa tunamwogopa. Leo anafanya kazi ya uhasibu, na hesabu yake ya kwanza ya riba aliipigia kwenye mkeka ule.

Noti zikapungua, si mnajua mambo ya kuhama na panya. Mzee akafungua karatasi ya maelekezo, akatuonyesha: benki haifilisiki, hela zikiisha mwenye benki anaandika nyingine kwenye karatasi ya kawaida. Akachana daftari la mistari, akakata vipande sawasawa kwa wembe na rula, akaandika 500 kwa peni ya bluu, kisha akatia saini kila kimoja. Zile noti za mzee ninazo mpaka leo kwenye bahasha, zina harufu ya droo yake. Mashine betri ikiisha unachana daftari gani?

Na hili wala halikuanza jana. Uingereza ile ya kadi ilitoka mwaka 2006, ikiwa na kadi zenye nembo ya Visa kabisa. Mwaka 2016 ikaja nyingine ambayo mashine inasoma hati ya kiwanja na kukutajia kodi yenyewe. 2019 ikafuata inayoongea, unaiamrisha kwa mdomo na yenyewe ndiyo inatunza hesabu za wote. Kila toleo linampunguzia mchezaji kazi moja, na kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa mchezo. Huku kwetu tulikuwa na bahati ya kuchelewa. Sasa yametufikia.

Anayejua huu mchezo ulikotoka ndiye atakayenielewa zaidi. Kabla kampuni ya michezo ya Parker Brothers haijauuza mwaka 1935 kama kazi ya Charles Darrow, alikuwepo mama mmoja Marekani, Elizabeth Magie, aliyesajili hataza ya mchezo wake wa wenye ardhi mwaka 1904. Alitaka watu waone kwa macho yao jinsi kodi ya pango inavyomtajirisha mwenye ardhi na kumkausha mpangaji. Kukaushwa huko unakuonaje kama hela haitoki mkononi mwako? Rundo la mwenzio lilikuwa linapanda mbele yako, lako linabaki noti tatu za kumi. Ndicho alichotaka yule mama ukione.

Najua kuna watakaokuja kusema, "Mkuu, dunia imehamia kwenye simu, acha watoto wazoee." Nani hatumii simu hapa? Mimi mwenyewe gengeni nalipa kwa simu. Lakini hata simu ukituma elfu kumi inakuletea ujumbe: umetuma kiasi gani, makato kiasi gani, salio limebaki kiasi gani. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021 nchi nzima ilipiga kelele kwa sababu kila mtu alikuwa anaziona kwenye ujumbe, shilingi kwa shilingi. Kimashine hiki kinalia tiii kisha kinanyamaza. Salio lako ulione mpaka uchomeke kadi tena, na mtoto hachomeki mpaka aambiwe.

Wengine watasema mashine inazuia wizi wa benki. Jamani! Kaka yangu alikuwa anaficha noti za 500 chini ya mkeka, tukamkamata, akafungiwa michezo miwili. Tulijifunza kuhesabu benki kabla na baada ya mchezo.

Huyu wangu wa darasa la tano juzi nimemtuma nyanya na vitunguu vya elfu tatu na mia tano, kashika noti ya elfu kumi. Karudi na elfu tano na mia tano. Namuuliza chenji imetimia, ananiambia, "Amenipa hii." Mimi ule mchezo nilikuwa nimeununua kwa ajili hiyo.

Kimashine nimekitoa betri nikakirudisha kwenye boksi. Ubao tunaubakiza. Jana usiku tumekaa na binti, rula na wembe, tumefika noti 40. Za mzee nimempa azitumie kama kipimo. Saini tumekubaliana atatia yeye.

Kama kuna mdau ana seti ya zamani ya noti, hata kama zile nyumba za kijani hazijatimia 32, aje PM tuongee bei. Na kama kuna duka Kariakoo au popote bado linaleta za noti, nitajieni mtaa, niko tayari kwenda leo.