Tumejenga uwanja wa Roblox na modi ya Minecraft: haki ni za nani, na tutie saini nini?

MjenziWaPaki (Kampala), mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla ya Ijumaa, kuna mkataba unasubiri saini.

Tuko watatu. Kazi ya kwanza ni uwanja wa Roblox (jukwaa ambako wachezaji hujenga gemu zao) unaoiga paki ya zamani ya taksi hapa Kampala: taksi za abiria 14, boda, kibanda cha rolex (chapati ya kuviringisha na mayai), kondakta anayeita watu. Skripti zote ni zangu, mistari kama 6,000 ya Luau, lugha ya programu ya Roblox. Modeli 41 kazichora mwenzetu kwa Blender (programu ya kuchora 3D), na nyingine 9 tulizichukua bure kwenye duka la Roblox. Muziki ni wa mwenzetu wa tatu, ana miaka 16. Kazi ya pili ni modi (nyongeza ya gemu) ya Minecraft Java inayoongeza vyakula 12 vya kwetu, matoke na rolex vikiwemo. Kila kitu kiko kwenye akaunti yangu na hatujaandikiana chochote.

Kampuni ya matangazo inataka kulipa shilingi milioni 2 kwa "haki zote za gemu na maudhui yake". Wataweka mabango ya mteja wao pakini, halafu tuwatengenezee sehemu mpya mbili. Kwenye Minecraft wanataka chakula chenye nembo ya mteja. Je, tuna haki ya kuuza? Na kama tunayo, tunauza nini hasa?

SheriaMkononi (Mbale)

Ndugu, usitie saini hiyo karatasi kama ilivyo. Nitaeleza kwa nini.

Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda kazi iliyo asilia na iliyokwisha kuwekwa katika umbo linaloshikika, iwe kwenye karatasi au kwenye diski. Programu za kompyuta zimo. Huhitaji kusajili ili uwe na haki. Inazaliwa pale unapohifadhi faili. Wazo tupu halilindwi. Mtu mwingine akijenga paki yake ya taksi kwa mikono yake, humkamati. Akinakili skripti zako au modeli za mwenzako, hapo una kesi.

Kwa hiyo skripti ni zako, modeli 41 ni za mchoraji, muziki ni wa kijana. Kuwa na vyote kwenye akaunti yako hakukufanyi mwenye vyote. Ukisaini peke yako kuuza "maudhui yake", umeuza mali ya watu wawili ambao hawajakupa ruhusa, na ukisaini kwamba una mamlaka ya kuuza, deni linakuangukia wewe.

Sasa jambo linalowaponza watu wengi hapa kwetu. Sheria hiyo inasema kazi iliyofanywa kwa ajira, au kwa kuagizwa na mtu au chombo fulani, hakimiliki yake inakwenda kwa mwajiri au kwa aliyeagiza, ila kama kuna mkataba unaosema vinginevyo. Isome tena hiyo. Ukikaa kimya, sehemu mpya mbili watakazoagiza zitakuwa zao hata kama karatasi haijataja neno hakimiliki. Uwanja uliokwisha kujengwa kabla yao haumo katika kanuni hiyo. Huo wataupata tu mkiwahamishia kwa maandishi yenye saini. Ndiyo maana wameandika "haki zote".

Haki ya kutajwa kuwa mtunzi, na ya kupinga kazi yako isiharibiwe, ni haki ya kimaadili. Hiyo haiuzwi pamoja na haki za kiuchumi. Majina yenu matatu yabaki kwenye ubao wa watunzi ndani ya gemu.

Kijana wa miaka 16 asaini pamoja na mzazi au mlezi.

Kisanduku16 (Jinja)

Nizungumzie Minecraft, maana hapo jibu ni fupi: nembo ya mteja haiwezekani.

Masharti ya Mojang, wenye Minecraft, yanasema modi ya Java uliyoijenga tangu mwanzo ni yako, mradi haina sehemu kubwa ya msimbo au picha zao. Hata hivyo huruhusiwi kuiuza wala kusambaza gemu lenyewe likiwa limeshabadilishwa. Unasambaza faili lako la .jar tu. Na miongozo yao ya matumizi inakataza makampuni na mawakala wa matangazo kutumia Minecraft kutangaza bidhaa zisizohusiana na gemu hilo. Sahani ya matoke yenye nembo ya kampuni inaingia humo moja kwa moja. Waambie hivyo kwa maandishi, mtakuwa mmejikinga.

Angalieni pia picha za vyakula. Ikiwa rolex yenu ilianza kama picha ya mkate wa Minecraft mkabadilisha rangi, hiyo picha si asilia. Fungua turubai tupu ya pikseli 16 kwa 16 uchore upya, kisha hifadhi faili lenye matabaka, si PNG ya mwisho tu. Jina nalo: "Vyakula vya Uganda kwa Minecraft" ni sawa, ila "Minecraft Uganda" si sawa, kwa sababu jina lao haliruhusiwi kuwa jina kuu la kazi yako.

Kuhusu leseni, kama mnatumia Fabric (programu ya kupakia modi) kuna sehemu ya "license" ndani ya fabric.mod.json, Forge, programu nyingine ya aina hiyo, wanaiweka kwenye mods.toml na huko ni lazima kuijaza. Wengi wananakili mfano wa kuanzia, unakuja na leseni huria kama MIT au CC0, wanaiacha hivyo hivyo. Maana yake umewaruhusu watu wote kuchukua msimbo wako, hata kwa biashara, na nakala walizokwisha kuchukua kwa leseni hiyo huwezi kuwanyang'anya. Fungua faili lenu leo muone limeandikwa nini.

Pesa halali ipo: michango ya wapenzi wa modi, na mgawo wa mapato ya matangazo kutoka tovuti kama Modrinth na CurseForge.

NyundoNaBlenda (Gulu)

Nimwongezee SheriaMkononi upande wa Roblox.

Roblox hawadai kumiliki ulichounda. Unabaki na hakimiliki, ila unawapa leseni pana ya dunia nzima, bila malipo, kukionyesha, kukinakili na kukitangaza. Usitegemee kwamba ukifuta uwanja leseni nayo inafutika. Injini yenyewe ni yao, kwa hiyo faili la uwanja (.rbxl) mkiliuza bila Roblox ni kama kuuza bodi ya taksi isiyo na injini. Thamani mliyonayo iko kwenye modeli za Blender, msimbo na muziki, kwa kuwa hizo zinaweza kuhamia gemu jingine.

Modeli 9 za bure ndizo tatizo. Aliyeziweka dukani ameruhusu zitumike ndani ya Roblox. Hakukupa hakimiliki, kwa hiyo hamwezi kuihamishia kampuni. Na nyingi za bure huwa zina skripti zilizofichwa. Fungua kila modeli kwenye Explorer (orodha ya vitu ndani ya Roblox Studio, programu ya kujengea), tafuta Script au ModuleScript, na ukiona `require()` yenye namba ndefu, inaita msimbo wa mtu mwingine ambaye anaweza kuubadilisha wakati wowote. Futeni, au chora zenu.

Akaunti binafsi haifai kwa watu watatu. Kufungua kikundi ni Robux 100 (sarafu ya Roblox). Lakini msichapishe upya faili ndani ya kikundi, maana mtapata uwanja mpya wenye namba mpya, idadi ya wageni sifuri na DataStore (hifadhi ya data za wachezaji) tupu. Wachezaji watapoteza akiba zao. Tumieni njia ya kuhamisha umiliki iliyo kwenye Creator Hub, tovuti ya Roblox ya waundaji. Hata hapo animesheni zinaweza kugoma, kwa sababu ziko chini ya akaunti yako, na mwenye uwanja sasa ni kikundi. Zipakieni upya chini ya kikundi na mbadilishe namba zote kwenye skripti. Sauti ndefu kuliko sekunde 6 zinahitaji uwanja upewe ruhusa ya kuzitumia, la sivyo paki yenu itakuwa kimya. Baada ya hapo wekeni asilimia za mgao ndani ya kikundi.

Kubadilisha Robux kuwa dola kunaanzia Robux 30,000 za kuchuma, zile za kununua hazihesabiki. Kwa kiwango cha dola 0.0038 kwa kila Robux kilichoanza Septemba 2025, hizo ni dola 114. Mtajaza pia fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, na jina lake lilingane na la kitambulisho cha taifa herufi kwa herufi.

Na mabango: tangazo ndani ya Roblox lazima litambulike kuwa ni tangazo, na wachezaji walio chini ya miaka 13 wasionyeshwe. Kampuni ijue hilo kabla haijalipa.

KumbukumbuZaGemu (Arua)

Kwa anayedhani haya ni maneno ya karatasini tu.

Duke Nukem 3D ilikuja na kifaa cha kujenga ramani, na wachezaji wakaruhusiwa kugawana bure. Kampuni ya Micro Star ikakusanya ramani 300 za wachezaji, ikaziuza kwenye CD. Mwaka 1998 mahakama ya rufani ya Marekani ikasema ramani zile ni mwendelezo wa hadithi ya Duke Nukem, na haki ya mwendelezo ni ya mwenye gemu. Faili za ramani hazikuwa na hata picha moja ya gemu; zilikuwa zinaiambia injini iweke nini wapi. Hata hivyo walishindwa. Hapo ndipo utaona kwamba kuruhusiwa kutengeneza si kuruhusiwa kuuza.

DotA ilianza mwaka 2003 kama ramani ya Warcraft III. Mtunzi wa kwanza, Eul, mwaka 2004 aliandika mtandaoni kwamba yeyote anaweza kutoa toleo lake bila kumwomba, amtaje tu. Valve (watengenezaji wa Dota 2) na Blizzard (wenye Warcraft III) waligombea jina hilo hadi wakapatana Mei 2012. Mwaka 2017 jaji wa California bado alikuwa anapima kama maneno yale ya Eul yalimaanisha ameiachia kazi yake umma, na akakataa kulimaliza suala hilo bila kesi kusikilizwa. Chapisho moja la mtandaoni, miaka 13 baadaye, lilikuwa bado linabishaniwa kortini.

Blizzard nao walijifunza. Sera yao ya Warcraft III: Reforged ya mwaka 2020 inasema ramani za wachezaji ni mali ya Blizzard. Kwa hiyo "gemu zote ni sawa" si kweli hata kidogo. Kazi ile ile ingekuwa yenu Roblox, na isingekuwa yenu kule. Hifadhini nakala ya masharti ya siku mliyochapisha, kama PDF yenye tarehe, kwa kuwa masharti hubadilika.

MjenziWaPaki

Asanteni sana. Nimeangalia: fabric.mod.json imeandikwa CC0-1.0, sikuwahi kuigusa. Nimekwisha kuibadilisha kwa toleo lijalo. Swali la mwisho: kampuni wakikubali kulipa milioni 2 kwa matumizi tu, niandike maneno gani? Na kuna akaunti imepakia nakala ya paki yetu, naiondoaje?

SheriaMkononi

Andika hivi, kwa majina yenu matatu upande mmoja: "Watunzi wanaipa Kampuni leseni isiyo ya pekee kuonyesha matangazo ya Mteja ndani ya Uwanja kwa miezi 6 tangu tarehe ya saini. Hakimiliki ya Uwanja, na ya sehemu zozote mpya zitakazotengenezwa chini ya mkataba huu, inabaki kwa Watunzi." Sentensi ya pili ndiyo inayozima ile kanuni ya kazi ya kuagizwa; usikubali ifutwe. Wakiona leseni isiyo ya pekee haiwatoshi, wapeni upekee wa aina moja ya bidhaa tu, kwa mfano vinywaji, na bei ipande. Ongeza kwamba kampuni inathibitisha ina idhini ya mteja kutumia nembo. Nyinyi nanyi ondoeni nembo halisi za kampuni za boda na mabasi mlizochora bila ruhusa, kwa sababu alama za biashara zina sheria yake, ya mwaka 2010.

Kama kampuni ni wakala wa kukata kodi aliyeteuliwa na URA (mamlaka ya mapato), malipo ya huduma yanayozidi shilingi milioni 1 hukatwa asilimia 6. Kwenye milioni 2 ni 120,000. Dai cheti cha makato.

Usajili wa hakimiliki unafanywa URSB (ofisi ya usajili ya taifa), Kololo. Si lazima, lakini cheti ni ushahidi mzuri mahakamani. Ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi ili mwenye pingamizi ajitokeze, kwa hiyo usitarajie kukipata kabla ya Ijumaa.

NyundoNaBlenda

Kuhusu nakala: usianze kwa kumtukana mtu kwenye maoni, atafuta ushahidi. Piga kwanza picha za skrini zenye anwani na tarehe. Kisha tumia fomu ya Roblox ya madai ya hakimiliki, inayofuata sheria ya Marekani ya DMCA ya mwaka 1998. Taja kazi yako na kiungo chake, kiungo cha nakala, mawasiliano yako, tamko kwamba unaamini kwa nia njema haikuruhusiwa, tamko chini ya adhabu ya kiapo cha uongo kwamba wewe ndiye mwenye haki au mwakilishi wake, na saini. Kwa skripti saini wewe. Kwa modeli mchoraji asaini au akupe idhini ya maandishi. Jina lako linaweza kufikishwa kwa mlalamikiwa, kwa hiyo tumia barua pepe ya kazi. Akijibu kwa kupinga, kazi hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi usipofungua shauri, na hapo ndipo ushahidi unapohitajika: historia ya Git (kumbukumbu ya mabadiliko ya msimbo), faili za .blend za hatua za katikati, matoleo ya zamani ya uwanja ndani ya Studio.

Na zile modeli 9 usizitaje kwenye dai. Ukidai kitu kisicho chako, atakijibu hicho kimoja na dai lote litayumba.