Dawa za ukungu juu ya mto Malewa: zizuiwe au zisizuiwe?

Mwana wa Karagita:
Mvua ikipiga Kinangop, Malewa unateremka mwekundu mpaka Ziwa Naivasha, na mankozebu, dawa ya ukungu wa mimea, iliyopulizwa kwenye viazi haibaki huko juu. Umoja wa Ulaya uliinyima kibali 2020. Huko maabara, mayai ya samaki yakilowekwa kwenye dawa za jamii hiyo, kifaranga hutoka uti umejikunja kama mawimbi. Naomba tujadili: kwa nini isizuiwe kando ya mto?

Mama Viazi:
Kijana wangu, njoo Julai. Ukungu ukiingia shambani Jumatatu, Ijumaa majani ni meusi na yananuka. Karo ya watoto iko kwenye hayo magunia. Na dawa yenyewe huvunjika haraka majini. Mnaomaliza samaki ni nyinyi wavuvi na vyandarua vyenu.

Mwana wa Karagita:
Vyandarua? Mama, kwa heshima, njoo ufukweni utie vidole kwenye jicho la wavu wangu, vinne vinapita. Hapo umenitukana.

Mwalimu wa Bayolojia:
Kuvunjika si kuisha. Mankozebu ikivunjika huacha kitu kinachovuruga tezi ya shingo, na kifaranga bila homoni za tezi hakui sawasawa. Ila tuseme kweli: dozi ya maabara mara nyingi hupita ya mtoni, na ngege jike huatamia mayai mdomoni, si matopeni. Malewa upimwe wiki ya mvua, si kiangazi.

Mkazi wa Kongoni:
Na mashamba ya maua mbona hayatajwi? 2010 samaki wafu walipoelea ziwani tuliambiwa ni upungufu wa oksijeni, basi. Mwenye viazi ndiye rahisi kushikwa.

Jirani wa Ziwa:
Mama hajakosea. Saa tisa usiku vyandarua vinaburutwa kwenye mafunjo. Nimeviona vifaranga vyenyewe, ukubwa wa kucha, vimejaa ndoo.

Mwana wa Karagita:
Hao ni wezi, hawana leseni! Usituweke kapu moja.

Mama Viazi:
Ahaa. Wenu ni wezi wachache, lakini mkulima mmoja akiosha pampu mtoni sisi sote ni wauaji?

Mwana wa Karagita:
Hapo nakupa haki yako, Mama. Lakini wewe pampu unaioshea wapi?

Mama Viazi:
Kwangu ni shimoni, nyuma ya boma. Jirani yangu ni chini ya daraja, mtoni kabisa. Nimemwambia mara mbili.