Saratani ya mlango wa kizazi Marekani: je, "Waasia" wahesabiwe fungu moja?

Mleta mada

Ninaleta hoja ambayo imewagawa watu nchini Marekani kwa miaka mingi: je, wagonjwa wenye asili ya Asia waendelee kuandikwa chini ya jina moja, au kila jamii ihesabiwe peke yake? Kwa upande wa saratani ya mlango wa kizazi, msimamo wangu ni kwamba kuwahesabu pamoja ni kosa, na kosa lenyewe limejulikana kwa zaidi ya robo karne.

Takwimu za rejista za saratani za nchi hiyo za mwaka 1988 hadi 1992 zilipochambuliwa jamii kwa jamii, wanawake wenye asili ya Vietnam walikutwa na wagonjwa wapya 43 kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka, kiwango cha juu kuliko cha jamii nyingine yoyote iliyohesabiwa. Wakorea walikuwa 15.2, Wafilipino 9.6, Wachina 7.3 na Wajapani 5.8, yaani chini hata ya wanawake Wazungu. Sasa watie wote kwenye chungu kimoja. Kwa kuwa Wachina, Wafilipino na Wajapani walikuwa wengi zaidi, wastani unatoka wa kutuliza roho, na mwanamke wa Kivietnam, aliyekuwa hatarini mara saba kuliko mwenzake wa Kijapani, anazama humo asionekane.

Ugonjwa huu hauna mafumbo mengi. Unasababishwa na virusi vya HPV, ambavyo aina zake mbili tu, ya 16 na ya 18, huleta takriban wagonjwa saba kati ya kumi. Huchukua miaka kumi au zaidi kukomaa. Na kipimo cha Pap, kinachochukua seli za mlango wa kizazi na kuziangalia, hunasa mabadiliko ya seli kabla hayajawa saratani. Kwa hiyo penye wagonjwa wengi, swali la kwanza ni nani hajapimwa, na kwa nini. Mwanamke wa Kivietnam aliyefika California akiwa mkimbizi baada ya vita vya Vietnam kwisha mwaka 1975 alitoka mahali ambapo kipimo hicho hakikuwa desturi, akaingia mahali ambapo kilitolewa kwa lugha asiyoijua, mara nyingi na daktari mwanamume, na bila bima.

Kaunti ya Santa Clara, huko California, ilionyesha kinachowezekana pale jamii inapotambuliwa kwa jina lake. Wanawake wa Kivietnam wapatao 1,000 waligawanywa mafungu mawili: wote walifikiwa na matangazo ya Kivietnam redioni na magazetini, lakini nusu yao walitembelewa pia na wahamasishaji wa afya kutoka jamii yao wenyewe. Kwa waliopata matangazo peke yake, waliowahi kupimwa walipanda kutoka takriban asilimia 70 hadi 75. Kwa waliotembelewa pia, kutoka takriban 66 hadi 82. Nani angewatuma wahamasishaji hao iwapo karatasi zingesema tu "Waasia wako salama"?

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri, lakini umeruka sehemu inayowatia watu hofu. Mwaka 2016 jimbo la California lilipopitisha sheria ya kutenganisha takwimu za Waasia, rasimu ya awali iligusa afya na vyuo vikuu pia. Maandamano makubwa, hasa ya Wamarekani wenye asili ya China, yalisababisha sehemu ya vyuo iondolewe, ikabaki ya afya. Waliopinga hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mwaka 1942 takwimu za sensa zilisaidia kuonyesha wakazi wa Marekani wenye asili ya Japani wanaishi mitaa ipi, kabla ya wapatao 120,000 kati yao kuhamishiwa kambi za kizuizini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Anayeulizwa "wewe ni Mwasia wa wapi hasa" ana haki ya kuuliza kwanza karatasi hiyo inakwenda kwa nani.

Pili, ukianza kupasua utakomea wapi? Hata "Mvietnam" si kitu kimoja. Ndani ya Vietnam yenyewe, watafiti waliopima wanawake wa miji miwili miaka ya 1990 walikuta HPV kwa takriban asilimia 11 katika Ho Chi Minh City na asilimia 2 tu kule Hanoi, na saratani nayo ikafuata mkondo huohuo. Watu wa lugha moja, tofauti mara tano! Basi kwenye fomu tuweke kisanduku cha kusini na kisanduku cha kaskazini? Nihofuvyo mimi ni kwamba jina la taifa litageuka kuwa sababu ya ugonjwa, na daktari akimwona mgonjwa aitwaye Nguyen, jina la ukoo la Wavietnam wengi, tayari ana jibu.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika kliniki moja huko Marekani, na napenda kuongeza nilichokiona mapokezini. Alifika mama mzaliwa wa Nairobi, mwenye asili ya Gujarat, India. Alipoulizwa kabila alijibu "Asian", kama ambavyo angejibu kwao, ambako tangu 2017 Waasia wa Kenya wanatambuliwa kuwa kabila la 44. Karani akaandika Asian, kwa haki kabisa, na kuanzia hapo mama huyo akawa fungu moja na Mhmong (mtu wa jamii ya milimani ya Kusini-mashariki mwa Asia) wa Fresno, California, na Mjapani wa Honolulu, Hawaii. Aliyemfuata kwenye foleni alikuwa mama Mkongo kutoka Uvira, ambaye hajawahi kupimwa Pap maishani mwake. Yeye aliandikwa Mweusi, fungu moja na wanawake ambao mama zao na bibi zao wamezaliwa na kupimwa hapohapo. Kwa hiyo, ndugu zangu, msidhani mjadala huu ni wa Waasia peke yao. Kanuni mpya ya serikali kuu ya 2024 imeweka Msomali, Mwethiopia na Mnigeria katika visanduku vya Weusi; Mkongo itambidi ajiandike kwa mkono, kama kuna atakayemwonyesha mahali pa kuandika.

Mleta mada

Nakubali kuhusu 1942, na silichukulii kwa wepesi. Ndiyo maana nilisema kwa upande wa saratani: rejista ya ugonjwa isiwe na njia ya kupita kwenda uhamiaji wala polisi, na fungu lenye wagonjwa wachache mno lisichapishwe, maana katika kaunti ndogo wagonjwa watatu wa jamii moja majirani watawajua kwa nyuso.

Kuhusu Hanoi na Ho Chi Minh City, hata hivyo, naona mfano huo unanisaidia mimi. Tofauti hiyo ndiyo inayotuambia kwamba damu ya Kivietnam haina lawama, na isingejulikana kama pasingekuwa na aliyehesabu mji mmoja mmoja. Vilevile kiwango kile cha 43 hakikudumu. Katika miaka iliyofuata kilishuka sana, na hakuna urithi wa damu unaobadilika kwa kasi hiyo. Aliyechapisha tarakimu ya kwanza bila kuchapisha ya pili ndiye anayempa daktari wako jibu la haraka.

Na kwa mkalimani: umenigusa. Nisingependa kisanduku kwa kila kijiji. Kwa wageni kama mama wa Uvira, maswali matatu yangetosha kuliko jina la kabila: umezaliwa wapi, umefika hapa mwaka gani, na mara ya mwisho kupimwa ilikuwa lini. Je, katika fomu za kliniki yenu, hilo la tatu huwa linaulizwa kwa Kiswahili, au huachwa hadi daktari akumbuke?