Deni la fleti ya kupangisha limeipita bei yake: niuze, nishikilie au niiachie benki?

Mpangishaji_K
Hamjambo nyote. Mwaka 2018 nilinunua fleti ya vyumba viwili vya kulala Kileleshwa, Nairobi, kwa shilingi milioni 11, benki ikinikopesha milioni 9.9. Nilitegemea kodi ibebe sehemu kubwa ya mkopo. Wakati wa korona mpangaji alihama, benki ikanisogezea malipo, na riba ya miezi hiyo ikajumlishwa kwenye deni. Baadaye riba ikapanda hadi asilimia 17. Leo nadaiwa milioni 9.2, na mthamini ameandika milioni 8.4. Kodi ya mpangaji ni 60,000 kwa mwezi. Nikitoa 9,000 za matunzo ya jengo nabaki na 51,000, na rejesho ni 146,000. Pengo natoa kwenye mshahara. Mke wangu anasema tuuze ploti ya Kitengela tuzibe. Rafiki ananiambia nipeleke funguo benki yaishe. Sijaruka rejesho, ila karo ya Januari inanitia hofu.

Bi_Hati
Kaka, funguo usipeleke. Hapa Kenya benki ikiuza na pesa zisitoshe, salio linabaki jina lako na wanaweza kukushtaki. Ukishindwa kulipa kwa mwezi mmoja, Sheria ya Ardhi ya 2012 inawaruhusu kukupa notisi ya siku 90, kisha ya siku 40, halafu dalali anakupa 45. Muda huo wote riba inatembea. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia riba isizidi deni la msingi lililokuwepo mkopo ulipoacha kulipwa, lakini kwa deni lako hiyo bado ni nafasi ya kufika milioni 18.4. Usijifariji nayo.

Mthamini_Athi
Fungua ile ripoti tena. Chini ya bei ya soko huwa kuna bei ya kuuza kwa lazima, mara nyingi karibu robo tatu ya ile ya juu. Kwako ni kama milioni 6.3. Mnadani pengo lako la laki nane linageuka karibu milioni tatu, kabla ya gharama za dalali. Ndiyo, sheria inachukulia benki imekosea ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya soko, lakini hilo ni la kupigania kortini ukiwa tayari umechoka.

Mama_Syokimau
Pole sana baba. Mimi naona bei isikusumbue kuliko hiyo 95,000 ya kila mwezi. Mshahara ukiibeba bila kukopa kwingine, shikilia. Riba elekezi ya Benki Kuu, ile ya kuongoza riba za mabenki, ilifika asilimia 13 mwezi Februari 2024, ikaanza kushuka Agosti. Je, yako imeshuka? Yetu haikuguswa mpaka tulipoandika barua na kupeleka wenyewe tawini.

Ploti_Tatu
Ploti msiiuze mkaingiza pesa yote kwenye deni. Milioni moja ikiingia hapo, rejesho linapungua kama 16,000 tu, na bado utatafuta 79,000. Na benki ikiomba hati ya Kitengela kama dhamana ya nyongeza, kataa kabisa.

Bi_Hati
Nakubaliana, isipokuwa ploti ikiziba pengo siku ya kuuza fleti. Tafuta mnunuzi mwenyewe sasa, kabla hujachelewesha rejesho, kisha omba benki ikubali kwa maandishi kuachia hati ya fleti kwa bei hiyo na salio ligeuzwe mkopo mdogo. Kodi ya serikali ya asilimia 15 kwenye faida ya kuuza mali haikuhusu, maana unauza kwa hasara.

Mpangishaji_K
Asanteni mno. Riba yangu bado ni 17, nimeangalia taarifa ya mwezi huu. Barua naipeleka Jumatatu. Bi Hati, ombi la kuachia hati niliandike mwenyewe au lazima lipitie kwa wakili?

Bi_Hati
La riba andika mwenyewe. La hati mpe wakili, na asiwe yule wa benki.