Breki za diski au za rimu? Niko Mbale, nashuka Kapchorwa

Mteremko_Mbale: Wakuu, natafuta baiskeli ya mbio iliyotumika. Nimepata mbili Kampala. Moja ina breki za rimu (raba zinabana rimu yenyewe), vifaa vya Shimano 105, fremu ya alumini. Nyingine ina breki za diski zinazosukumwa na mafuta, bei imezidi kwa shilingi 1,400,000. Mazoezi yangu ni kupanda hadi Sipi na Kapchorwa, kisha kushuka. Lami ipo, ila mvua ya kule mnaijua. Nichukue ipi?

Fundi_Ndeeba: Chukua ya rimu ssebo, chenji nunulia matairi. Raba za breki nakubadilishia umesimama hapohapo, na waya wa akiba unaubeba mfukoni. Diski za mafuta zikiingia hewa, mkono wa breki unalegea mpaka unagusa usukani, na huko njiani hakuna wa kukusaidia. Tena mafuta yenyewe si ya kubahatisha: Shimano wanatumia ya madini, breki nyingi za SRAM zinatumia DOT, yaani mafuta ya breki za gari. Niliwahi kuletewa Shimano ambayo mtu kaitia hayo ya gari. Sili zilivimba zote, ikawa kazi ya kununua breki nyingine.

PedaliKisoro: Fundi wewe unaongelea gereji, mwenzako anauliza kushuka mlima! Rimu ikilowa, unabana na baiskeli inaendelea tu, kwanza raba zinafuta maji, halafu zinashika ghafla. Lile vumbi jekundu likilowa linaganda kwenye raba, linakuwa kama msasa, linakula alumini.

Mteremko, kabla hujalipa chungulia ubavu wa rimu. Nyingi zina kitundu au mfereji mdogo wa kuonyesha rimu imeliwa kiasi gani. Ukiona umefutika, rimu imekwisha, na hiyo bei nafuu utailipia magurudumu mapya. Halafu kuna mashimo. Spoki ikikatika gurudumu linayumba, linaanza kusugua raba, unalegeza breki ili ufike nyumbani. Yaani unashuka Sipi na breki moja. Diski haijali rimu imepinda kiasi gani.

Nalongo_Baiskeli: Mmesahau tairi. Fremu nyingi za rimu zinaishia milimita 28, za diski zinapokea 32 na zaidi. Kwa barabara zetu mimi hapo nimeshamaliza.

Fundi_Ndeeba: Kwa tairi sikubishii dada. Ila mnaogopesha watu bure. Pogačar alichukua Tour de France ya 2020 kwa breki za rimu, na milima ya Ufaransa si tambarare ya Soroti.

PedaliKisoro: Na nyuma yake gari limejaa magurudumu mapya 😀 UCI, chama cha dunia cha mbio za baiskeli, waliruhusu diski rasmi Julai 2018, na tangu hapo viwanda vimezidi kuhamia huko. Magurudumu mazuri ya rimu yatazidi kuadimika. Wala huwezi kuhamisha baadaye: fremu ya rimu haina pa kufungia kalipa, kile kibanio cha diski.

Jinja_Mzunguko: Kuna diski za waya pia, kama bajeti inabana. Zinashika vizuri kwenye mvua na hazina mafuta ya kuvuja. Ubaya wake ni nguvu kidogo, na padi (vile vipande vinavyobana diski) zikiliwa, nyingi hazijisogezi, unakaza mwenyewe.

Ukichukua za mafuta na unasafirisha kwa basi, ukitoa gurudumu chomeka kipande cha boksi katikati ya padi. Konda akibana breki kwa kuchezea, padi zinafunga na gurudumu halirudi. Na usipulizie mnyororo mafuta karibu na diski, yakigusa padi breki zitapiga kelele mpaka Tororo.

Mteremko_Mbale: Nimemwomba muuzaji wa ile ya rimu picha ya karibu. Alama haionekani popote. Nikamuuliza, ananiambia "hiyo ilitoka kiwandani bila alama," huku ubavu umebonyea ndani kama sahani. Jumamosi naenda kuiona ya diski. Fundi, una kifaa cha kutoa hewa?

Fundi_Ndeeba: Ninacho. Mafuta ya madini njoo nayo mwenyewe.