Mrejesho: darasa la keki la mtandaoni limenipa barua pepe za wateja

Wakuu, salaam. Niliwauliza nipate vipi barua pepe za wateja wa vifaa vyangu vya keki, maana wote wako WhatsApp na simu ikiibwa nimekwisha. Mkanishauri darasa la bure mtandaoni, anayejisajili aache anwani.

Nimefanya. Mada: kwa nini keki inadidimia katikati. Fomu ya Google ilitaka jina, barua pepe, na kisanduku cha kukubali kutumiwa matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 si ya kuchezea. Zoom ya bure inakata dakika 40, nami naona afadhali, watu hawajachoka.

Wengi waliojisajili hawakutokea (bando, watoto, umeme), ila rekodi niliituma kwa barua pepe tu, na hao ndio walioifungua kwa pupa. Kwenye grupu sikuiweka, pamoja na kubembelezwa kote. Kero ni anwani zilizokosewa, "gmail.con" zimejaa!

Dada mmoja wa Morogoro aliuliza habari za kuoka kwa sufuria na jiko la mkaa. Darasa lijalo ndilo hilo, fomu tayari inajaa.